Sura ya Tisa: Mwaislandi Wangu

Mwanamke akishapenda, huijua pikipiki inayomleta mpenzi wake kwa mlio tu, hata zikipita ishirini. Najat aliisikia ikipanda kilima cha Mwisenge, hapo Musoma, akaisikia ikipunguza mwendo mbele ya duka la sare za shule, kisha ikazimwa chini ya dirisha la ofisi. Akajitazama kwenye kioo cha simu, akausogeza mtandio nyuma kidogo, kwa sababu Werema alipenda nywele chache zionekane.

Alikuwa na zawadi yake. Zawadi yenyewe ilikuwa neno moja kwenye kompyuta, naye alikuwa ameisubiri siku hii tangu masika ya mwaka juzi.

Ofisi yao ilikuwa ya mradi mdogo wa kukusanya majina ya magonjwa na maumivu katika lugha za Mara, ili mhudumu wa afya akifika kwa bibi asiyejua Kiswahili, aelewe bibi anaumwa nini. Maneno hayo yaliwekwa kwenye kompyuta, katika kanzidata ya istilahi, na ndani ya kanzidata kila lugha ilikuwa na uga wake, yaani chumba chake. Najat ndiye aliyevijenga vyumba. Werema, kijana wa Butiama, ndiye aliyesimamia maneno ya Kizanaki, lugha ya kwao.

Programu waliyoanza nayo ilikuja na lugha zake tayari. Katika orodha ile ndefu Kizanaki hakikuwemo, wala Kijita, wala Kikurya, na programu haikuruhusu kuongeza. Ikabidi waazime. Walichagua lugha ambazo hakuna mtu wa Musoma angezihitaji, wakaweka maneno yao humo. Kizanaki kikapangishwa katika chumba cha Kiaislandi, lugha ya watu wa barafu huko mwisho wa dunia. Siku hiyo walicheka hadi wakashikana mikono, na mikono haikuachana.

"Umenipa mahali pa kukaa nilipokuwa sina," Werema alimwambia. "Kuanzia leo wewe ni Mwaislandi wangu."

Jina hilo likamkaa Najat moyoni kuliko jina alilopewa na wazazi wake. Kwa ajili ya jina hilo aligombana na baba yake, Mzee Amini, fundi cherehani wa sokoni Bunda. Mzee alisimama mlangoni, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni, akasema, "Ukikivuka kizingiti hiki kumfuata huyo kijana asiye wa dini yetu, usirudi kuniambia ulipotea njia." Najat alikivuka. Akapanga chumba mtaani Nyasho, hapo hapo Musoma, na simu ya baba yake haikulia tena.

Sasa toleo jipya la programu lilikuwa limefika. Lilimruhusu mtu kuunda lugha yake mwenyewe: akaandika jina, akaipa alama yake, akapanga herufi zake zitangulianeje. Najat alikuwa amekiunda chumba kipya, na juu ya mlango wake, bila kuazima kwa mtu, kulikuwa kumeandikwa: Kizanaki.

Werema aliingia bila kubisha hodi. Hakuitazama kompyuta.

"Njoo uone," Najat alisema. "Njoo, mfalme wangu, umepata nyumba ya jina lako. Maneno yamehama yote. Kilichobaki kule Kiaislandi ni—"

"Najat, acha mashine kidogo. Kaa chini."

"Nimekaa."

"Basi kaa vizuri."

Alichotaka kusema Najat kilikuwa hiki: maneno yalihama kwa mkupuo mmoja, lakini sauti zilizoambatanishwa nayo hazihami hivyo, hubebwa moja moja. Na sauti zilizobaki kule zilikuwa za Mzee Bernado, baba yake Werema, aliyefariki mwaka uliopita. Mzee yule alikaa kitandani Butiama akimtajia Najat majina ya maumivu, moja baada ya jingine, huku mke wake akikohoa pembeni na jogoo akiwika nje. Kila akimaliza neno gumu alicheka na kusema, "Umelishika hilo, mkwe?" Kinasa sauti walichotumia kilikuwa kimeshafutwa na kujazwa sauti za wazee wengine. Mzee Bernado alibaki mahali pamoja tu duniani, chumba cha kuazima.

Lakini Werema alikuwa ameshaanza kuzungumza.

"Jumapili iliyopita nimetangazwa kanisani Butiama."

Najat alitabasamu. Masikini, alitabasamu kweli. "Umetangazwa kwa lipi? Umechaguliwa kwenye kwaya?"

"Ndoa. Mimi na Scholastika, yule mwalimu wa Nyegina."

Upepo wa ziwani ulipuliza pazia, likagusa bega la Najat, likarudi dirishani. Alimtazama Werema machoni akitafuta mzaha. Macho yale alikuwa akiyajua yakiwa na usingizi, yakiwa na njaa, yakiwa na wivu. Leo yalikuwa ya mtu anayesubiri zamu yake dirishani benki.

"Sema tena."

"Usinifanye nirudie. Nimeshindwa kulala kwa sababu ya jambo hili."

"Pole," Najat alisema. "Pole kwa kukosa usingizi."

"Usinikejeli. Wewe mwenyewe unajua mama anasemaga nini. Anasema, watoto wangu watabembelezwa kwa lugha gani?"

"Kizanaki nimejifunza! Werema, nimejifunza mpaka matusi. Baba yako mwenyewe alikuwa anani—"

"Umejifunza. Hukuzaliwa nacho. Mama anasema ni kama gauni la kuazima: likikupendeza vipi, watu wanajua la nani."

"Na wewe unasemaje? Nimesikia mama. Nataka kukusikia wewe."

Werema akatazama funguo za pikipiki mkononi. "Mimi ni mtoto wa kwanza. Baba hayupo. Ningefanya nini?"

"Ulipokuwa unaniita Mwaislandi wako," Najat aliuliza polepole, "ulikuwa unamaanisha nini?"

Werema akazungusha funguo kidoleni. Najat akaona jibu likipita usoni mwake kabla hajalificha, na likamkata kuliko lile tangazo la kanisani. Kiaislandi kilikuwa lugha ambayo hakuna aliyekusudia kuizungumza. Kilichaguliwa kwa sababu chumba chake kilikuwa kitupu.

"Ulijua tangu siku ile ile kwamba ni kwa muda tu," Najat alisema.

"Nilikuwa natania."

"Ulikuwa unatania, mimi nikamwacha baba yangu."

"Usipaze sauti, tafadhali." Werema akatazama dirishani. "Wanakuja. Mama na Scholastika wako njiani, wamechukua bajaji kutoka stendi. Scholastika ndiye atakayesoma maneno ya Kizanaki kwenye rekodi mpya, mratibu wa mradi ameshakubali. Nakuomba kitu kimoja. Mbele yao wewe ni mfanyakazi mwenzangu tu. Scholastika anajua ulikuwa unakuja nyumbani kikazi, na mama hataki ajue zaidi. Iwe hivyo hivyo."

"Kikazi."

"Ndiyo. Nakuomba kama dada."

Mwanamume akishaanza kumwita mpenzi wake dada, ameshamzika na anapiga udongo kwa koleo. Najat alivaa miwani yake. Nje bajaji ilikuwa imesimama.

Mama Werema alikuwa mwanamke mrefu, mwenye shingo ya mtu asiyewahi kuinama kuokota kitu cha mtu mwingine. Alivaa kitenge kipya cha rangi ya zambarau. Nyuma yake aliingia Scholastika, mweusi wa kung'aa, mzuri, na mwenye haya za bibi harusi. Laiti angekuwa na sura mbaya! Najat aliinuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," mama alijibu huku akikagua kiti kabla ya kukikalia. "Hii kiti ni safi? Haya. Wewe si ndiye yule wa Bunda? Umekonda. Kazi ya mashine inakondeshaga watu."

"Ni mimi, mama. Karibuni sana." Kisha Najat akamgeukia Scholastika, akamsalimia kwa Kizanaki, salamu kamili ya asubuhi na ya kuulizia waliobaki nyumbani, kama Mzee Bernado alivyomfundisha.

Scholastika akaziba mdomo kwa kiganja. "Jamani! Mama, umesikia? Anaongea kama wale masista wa kizungu!"

Mama Werema alicheka mpaka akashika mbavu. Werema naye alicheka. Kicheko chake kilikuwa kifupi, cha kuwaridhisha wengine, lakini alicheka, na Najat alikihesabu kuwa kicheko.

"Usikasirike, mwanangu," mama alisema akijifuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Umejitahidi. Kwani lugha ya kwenu ni ipi?"

"Kiswahili, mama."

"Kiswahili ni cha kila mtu. Hata redio inaongea Kiswahili. Nauliza ya kwenu."

"Babu yangu alikuja na biashara kutoka Tabora, bibi alitoka Ujiji. Sisi nyumbani tunaongea Kiswahili tu."

"Eeh." Mama alitikisa kichwa kwa huruma, na huruma ile ilichoma kuliko kejeli. "Kwa hiyo unajengea watu wote vyumba humu, wewe mwenyewe huna chumba. Mwanamke asiye na lugha ya kwao, mume atamwita kwa jina gani la siri watu wasielewe?"

"Mama," Werema alisema.

"Nimesema nini kibaya? Nimemhurumia." Akafungua kikapu, akatoa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, iliyofungwa kwenye gazeti, akamwekea Najat vipande mezani. "Kula. Umemtumikia mwanangu vizuri hapa ofisini, Mungu akulipe. Na harusi usikose. Tutahitaji wasichana wa kupokea wageni."

"Nitakuja, mama, nikipata ruhusa," Najat alijibu. Mchembe mmoja aliutia mdomoni. Haukutafunika.

Scholastika alikuwa ameisogelea kompyuta. "Na hii ndiyo yenyewe? Naona mmeandika Kizanaki. Na hii hapa chini yake nini? Ki... Kiaislandi?"

"Hicho kilikuwa chumba cha kuazima," Werema alieleza haraka. "Zamani sistimu haikuwa na lugha yetu, tukayaweka maneno humo kwa muda. Sasa tumepata chetu."

"Ina maana," mama aliuliza, "maneno yetu miaka yote hii yalikuwa yanalala nyumba ya kupanga?"

"Ndiyo, mama. Leo yamehamia kwao."

"Sasa hiyo nyumba ya watu bado mnaiweka ya nini? Ondoeni. Mtu akishahama habakizagi chungu kwa mwenye nyumba."

"Tunaiondoa," Werema alisema. "Najat, ifute hiyo."

Najat aliweka mkono juu ya kipanya, akauondoa.

"Bado," alisema. "Kuna kitu humo."

"Si umesema maneno yamehama yote?"

"Maneno, ndiyo. Lakini kuna kitu cha thamani kimebaki humo, Werema. Ukikifuta hakirudi. Nisikilize kwanza, ni—"

Uso wa Werema ulibadilika. Walikuwa wamekizungumza Kiaislandi kwa mafumbo muda mrefu mno. Kila alipomkumbatia alikitaja, kila alipoaga. Sasa aliposikia kwamba kuna kitu cha thamani kimebaki humo, alidhani mwanamke huyu ameanza kulia mapenzi mbele ya mama yake na mchumba wake. Akainama karibu na sikio lake, akitabasamu kwa ajili ya wale wawili, na sauti aliyoitoa ilikuwa baridi.

"Kilichomo humo kimekwisha. Hukuelewa? Usinidhalilishe mbele ya mama."

"Sisemi hicho. Nasema humo kuna—"

"Hakuna. Kiaislandi kilikuwa cha kushikia nafasi tu. Mwenye nafasi amekuja. Cha kuazima hakidai urithi, Najat. Futa."

Alilisema lile la mwisho kwa sauti, hata Scholastika akageuka.

Maneno matatu yalikuwa kwenye ncha ya ulimi wa Najat: sauti ya baba. Hata mtoto angeyatamka. Alimtazama Werema, akautazama mdomo ule uliomwita Mwaislandi, akamtazama mama aliyekuwa akikung'uta chenga za michembe kwenye kitenge chake kipya. Akawaza mlango wa Bunda na tepu ya kupimia iliyoning'inia. Mara tatu alikuwa ameanza kusema, na mara tatu amekatizwa. Akayameza yale maneno matatu, yakashuka pamoja na mchembe.

Akainuka, akakipisha kiti.

"Kifute mwenyewe," alisema. "Lugha ni yako."

"Ni wapi?"

"Hapo. Bonyeza jina lake. Sasa hapo chini."

Werema akakaa. Programu ikamuuliza kama ana hakika, kwa kuwa uga huu na vyote vilivyomo vitaondoka na havitarudishwa. Mkono wake ukasita. Akainua macho kumtazama Najat, na kwa nukta moja alikuwa tena yule kijana wa masika ya mwaka juzi, mwenye vumbi la barabara ya Butiama kwenye viatu. Kama angeuliza sasa, angejibiwa. Najat alilisubiri swali lile kwa moyo wake wote. Mungu ni shahidi kwamba alilisubiri.

"Bonyeza, mura," mama alimhimiza kijana wake. "Unaogopa mashine?"

Akabonyeza.

Ilichukua muda kidogo. Mstari wa buluu ulitembea kutoka kushoto kwenda kulia, bila haraka, kisha jina la Kiaislandi likatoweka, na majina yaliyokuwa chini yake yakapanda juu kuziba pengo. Scholastika akapiga makofi ya kitoto. Werema akashusha pumzi. Akaegemea kiti kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Imekwisha," alisema.

"Hongera," Najat alimwambia. Akaanza kukusanya vitu vyake: kikombe, chaja ya simu, mswaki uliokuwa kwenye droo na ambao Werema alijifanya hauoni.

"Unakwenda wapi?" mama aliuliza. "Kaa kwanza, mwanangu. Hatujafanya kilichotuleta."

"Si mmekuja kumrekodi Scholastika, mama?"

"Hiyo ni kazi yenu. Mimi nimekuja kwa langu." Sauti ya mama ilikuwa imebadilika. Alikunja mikono juu ya magoti, akatazama sakafu kama msichana. "Tangu tumemzika mzee, mimi sijamsikia. Mwanzoni nilikuwaga namsikia usiku ananiita, sasa hata hiyo imekatika. Nimeanza kusahau alikuwa anavutaje maneno. Na huyu Scholastika hakuwahi kumwona baba mkwe wake. Nikamwambia, twende Musoma, kuna binti alimrekodi mzee wakati anaumwa, yumo kwenye mashine. Utamsikia na mimi nakohoa pembeni!" Alicheka kidogo, akajifuta jicho. "Haya, mura. Tuwekee baba yako."

Werema aliugeukia uga mpya. Alibonyeza neno la kwanza, la maumivu ya kifua. Neno lilikuwepo, limeandikwa vizuri, kwa herufi zake lenyewe. Pembeni pake, mahali pa sauti, palikuwa peupe. Akabonyeza la pili. Akabonyeza la maumivu ya mgongo, la homa ya usiku, la kizunguzungu. Akaanza kubonyeza bila kuchagua.

Kisha akaacha. Shingo yake iligeuka polepole sana.

"Najat," alisema. Hakumwita dada. "Najat, kile ulichokuwa unasema... kitu cha thamani..."

"Nilikuambia kimo."

"Hukuniambia ni nini!"

"Nilitaka kukuambia. Ukasema kimekwisha." Alivuta zipu ya mkoba wake hadi mwisho. "Nami nikanyamaza. Hilo la kunyamaza ni langu, nitalibeba. La kubonyeza ni lako."

"Kipo mahali pengine? Niambie kipo mahali pengine. Kwenye simu yako? Mwaislandi, nakuomba—"

"Hakuna mtu wa jina hilo hapa," Najat alisema.

Aliinama mbele ya mama, akagusa goti moja chini kama wafanyavyo wanawake wa Butiama, kwa sababu Mzee Bernado ndiye aliyemfundisha kuaga hivyo, akatoka. Ngazini akasimama. Hakuwa na furaha yoyote. Alikuwa amemwua mzee aliyempenda, mara ya pili, ili kumwumiza mtoto wake, na alijua kwamba mpaka kufa kwake atakuwa akiisikia ile sauti ikimwuliza, umelishika hilo, mkwe?

Mlango wa ofisi ulikuwa umebaki wazi. Nyuma yake alimsikia mama Werema.

"Mbona kimya? Ongeza sauti, mura. Mzee alikuwa anaongeaga polepole."

Kiti kikaburuzwa sakafuni: mama alikuwa anajisogeza, apeleke sikio karibu na spika.